Nondo wa Bi Bossert

Ukitaka kujua mji wetu wa Stuttgart una shida gani, usiulize habari za kazi. Kazi zipo. Uliza habari za nyumba. Huku watu wenye shahada mbili husimama kwenye ngazi saa nzima wakingoja kuonyeshwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, na wakitoka wanashukuru. Ndiyo maana Enno Tjarks, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, alikuwa akilala ndani ya gari lake la mizigo nyuma ya bwawa la kuogelea, na Oktoba ilikuwa imeshaanza kuuma.

Alikuwa mtu wa kaskazini, kule pwani kwenye upepo. Aliwauzia wazee wa huko mablanketi ya sumaku ya kutibu kiuno, mpaka wazee wenyewe wakaanza kumtafuta, na si kwa kumshukuru. Akashuka kusini polepole, mji kwa mji, kadiri sifa zake zilivyomfuata, mpaka akafika kwetu.

Mimi nina kibanda cha magazeti na kahawa, mkabala na nyumba namba kumi na tisa. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine nilipewa na waliohusika, na palipobaki pengo nimejaza mwenyewe, kwa sababu nawajua.

Jumanne moja asubuhi Enno alikuwa amesimama kibandani pangu akipasha vidole kwenye kikombe. Akaja Bi Hedwig Bossert, mjane wa miaka sabini na minne, mwenye nyumba namba kumi na tisa, ghorofa tano, zote zake. Alikuja kusoma magazeti. Sikusema kununua. Bi Bossert husoma vichwa vya habari vikiwa vimening'inia, kisha hukunja shingo asome na upande wa pili.

"Leo nimefungua pakiti ya dengu," akaniambia huku akisoma, "akatoka nondo, akanitazama kama mimi ndiye mgeni."

"Si upulizie dawa, mama?"

"Nipulizie vipi? Fundi alikuja, akataja bei nikakaa chini. Halafu yule Nurhan wa chini ana mtoto anayetambaa, ameniambia tone moja tu la sumu, tutaonana mahakamani. Mzee Rapp wa ghorofa ya pili naye ana ndege wake tunduni, eti wana mapafu laini. Basi nondo wanakula, na mimi mwenye nyumba nawakaribisha mezani!"

"Na ile fleti ya juu? Bado haina mtu?"

"Tangu Aprili. Wamekuja watu thelathini na saba. Mmoja aliingia na viatu."

Enno aliacha kunywa. Fleti tupu, mwenye nyumba bahili, wadudu ndani, na wapangaji wasiotaka dawa! Mtu angeweza kuzunguka nchi nzima asiyakute mambo hayo manne mahali pamoja. Akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo, akageuka na sura ya daktari aliyeitwa dharura.

"Samahani kwa kuingilia maneno ya wakubwa, mama. Hao si nondo wadogo, wa rangi ya majivu, mabawa yana shaba kwenye ncha?"

"Ndio haohao."

"Pole sana. Hao sumu haiwamalizi. Dawa yao ni nyigu."

Bi Bossert akamtazama. "Nina nondo, wewe unataka kuniongezea nyigu?"

"Si nyigu wa kuuma. Huyu ni mdogo kuliko ncha ya sindano. Haumi, halii, haonekani. Anatafuta yai la nondo, anataga lake ndani, na ukoo wa nondo unaishia hapo. Mayai yakiisha naye anakufa, anakuwa vumbi, wewe unafuta kwa kitambaa. Hakuna sumu hata chembe. Mtoto atambae, ndege aimbe."

Sasa hapa tuelewane: nyigu hao wapo kweli, na kazi hiyo wanaifanya kweli. Huuzwa wamebandikwa kwenye vikadi, kwa bei ya kawaida tu. Uongo wa Enno siku zote ulikuwa na ukweli ndani yake, tena ukweli mzuri. Ndiyo maana ulimezeka.

"Na bei?" akauliza Bi Bossert, akikaza mkoba kwapani.

"Bei sitaki."

Jamani, nilimwona mama wa watu akishika meza yangu. Sisi wa huku neno "bure" hatulisikii kila siku.

"Ila," Enno akaendelea kwa upole, "nyigu hawa hufuata hewa ya joto, na hewa ya joto hupanda juu. Lazima mtaalamu wao akae juu kabisa ya nyumba, awapokee. Fleti ile ungenipangisha kwa kodi aliyokuwa akilipa mpangaji wa mwisho, basi. Mimi nalinda nyumba yako maisha."

Mpangaji wa mwisho alikuwa ajuza aliyeingia mwaka ambao mimi nilikuwa bado shuleni. Kodi yake ilikuwa kichekesho cha mtaa. Bi Bossert alifikiri kidogo, akasema, "Wiki mbili mfululizo bila nondo hata mmoja. Mmoja akionekana, tunaanza kuhesabu upya. Zikitimia, ufunguo ni wako."

Wakapeana mikono mbele yangu.

Siku hiyohiyo Enno alikaa ndani ya gari akitengeneza nyigu. Vikadi vya kweli angeweza kuvinunua, wala visingemfilisi, lakini tapeli naye ana heshima zake. Alinunua msasa, huu wa kusugulia mbao, akaukata vipande vya ukubwa wa stempu, akavibandika juu ya kadi nyeupe. Ukiangalia haraka unaona vijichembe mamia kwa mamia, na ukiambiwa ni mayai, unaamini.

Alimkabidhi Bi Bossert kadi ya kwanza kwa mikono miwili. Mama akavaa miwani, akaipitishia kadi kidole gumba, taratibu, mara moja, kisha mara ya pili.

Marehemu Bwana Bossert alikuwa seremala miaka arobaini, na aliyekuwa akimkatia msasa ni mkewe. Kidole kile kilikuwa kinaujua msasa namba mia na ishirini kama unavyoijua ngozi ya mwanao.

"Wazuri," akasema. "Wamelala, maskini. Utakunywa kahawa?"

Kahawa! Nyumbani kwa Bi Bossert! Kuna watu wamepanga pale miaka ishirini hawajui hata rangi ya vikombe vyake. Mwenyeji wa hapa angeshtuka. Enno alikunywa, akaomba na sukari.

Mtaniuliza, kama alijua, mbona hakumfukuza? Tulieni. Bi Bossert hakuwahi kutupa kitu ambacho bado kina matumizi.

Enno alijua kuwa utaalamu bila maelezo marefu haunogi. Akapita maktaba, akachukua kijikaratasi cha bure cha kuwaelekeza watu namna ya kuondoa wadudu nyumbani bila sumu, akakikariri. Jioni ile akawakusanya wapangaji kwenye ngazi.

"Ndugu zangu, sumu ni neno la mwisho, si la kwanza," akatangaza, mkono mmoja kifuani. "Kwanza mjue mdudu wako ni nani. Pili mnyime chakula. Tatu mnyime maji. Nne mzibie njia. Nyigu wanamalizia tu."

"Mbona mimi siwaoni hao nyigu?" akauliza Bi Nurhan, mwalimu wa hesabu, mtoto kiunoni, akiigeuza kadi kwenye taa.

"Ukiwaona, dada, ujue wamekufa."

"Na wakiwa hai?"

"Huwaoni."

"Ahaa. Kwa hiyo hata mle sebuleni kwangu ninao mabilionea wawili, ila hawaonekani."

Watu wakacheka. Mzee Kurt Rapp wa ghorofa ya pili hakucheka. Alikuwa na koti lake lilelile la kijivu, na daftari dogo, akiandika.

"Basi kila mmoja aende akasafishe kabati lake," Enno akahitimisha.

"La hasha," akasema Bi Bossert. "Mtaalamu ni wewe. Sisi tukikosea, nyigu wakidhurika je? Anza na kwangu, kesho saa moja."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Enno aliinama. Alitoa kila kitu kwenye kabati za vyakula za nyumba nzima, unga, tambi, karanga, chokoleti zilizosahaulika tangu Krismasi ya mwaka gani sijui. Chenye utando kikatupwa pipa la nje, kisicho na utando kikalala wiki nzima kwenye friza. Alifyonza vumbi kwenye pembe zote, akafuta rafu kwa siki, na kila kitundu cha kushikilia rafu akakipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka akaungua vidole, maana mayai hujificha humo. Kisha vyakula vyote vikaingia kwenye chupa za kioo zenye mpira mfunikoni.

Bi Nurhan alimkuta amepiga magoti jikoni kwake, kichwa chote ndani ya kabati, mashine inavuma.

"Unawaseti nywele? Wana harusi?"

"Joto, dada. Joto linaua mayai."

"Si tuliambiwa nyigu ndio wanaua mayai?"

"Wanasaidiana," Enno akajibu kutoka kabatini.

Siku kumi na mbili zikapita, nondo hakuna. Enno alinunua shuka mpya kwa ajili ya kitanda ambacho hajakipata. Siku ya kumi na tatu mchana, Bi Bossert akashuka na glasi aliyoifunika kwa sahani. Ndani ya glasi, nondo.

"Mwanangu," akasema kwa huzuni, "tazama msiba."

"Haiwezekani!"

"Alikuwa ghorofa ya tatu, karibu na dirisha. Mbao za madirisha zimeachana, nadhani anapita humo. Ungeziba."

Enno akaziba. Madirisha ishirini na mawili, akakwangua, akapaka, akaweka na nyavu. Hesabu ikaanza upya. Siku ya kumi na mbili, glasi, sahani, nondo. Safari hii Bi Bossert aliongeza kuwa ameona na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia sakafuni bafuni ukiwasha taa, na kijikaratasi chako si kilisema wanapenda unyevu? Enno akabomoa silikoni iliyooza, ule mpira wa kuzibia maungio, kwenye mabafu matano, akaweka mpya, akakaza mabomba yanayovuja, akawafundisha wapangaji kufungua madirisha asubuhi dakika kumi, wakati hapa kwetu tangu tuzaliwe tunafungua madirisha asubuhi dakika kumi. Hesabu upya. Nondo tena. Na safari hii sisimizi, wanaingia kwenye ufa wa kizingiti. Enno akafuata msafara wao kwa magoti, akauona ufa, akaujaza saruji, akaifuta njia yao kwa maji ya sabuni.

Kila alipopiga magoti, Mzee Rapp alikuwa amesimama nyuma yake na daftari.

"Hapa umeacha," angesema.

"Wapi, mzee?"

"Hapo. Kidogo."

Enno alimhurumia. Alidhani ni upweke.

Na jambo la ajabu ni kwamba nyumba ilikuwa inapona. Ukiondoa yule mmoja wa kwenye glasi, hakuna mpangaji aliyeona nondo tena. Mtoto wa Nurhan alilamba sakafu na mama yake hakupiga kelele. Watu wa namba ishirini na moja walikuja kuuliza, huyu mtaalamu mmempata wapi? Enno hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi. Ilimchanganya, na nitasema ukweli, kidogo ilimfurahisha, ingawa aliona haya kukiri hata kwa nafsi yake.

Lakini lililomshika ni fleti ya juu. Alipandishwa huko kuziba dirisha la paa. Sakafu ya mbao, jiko dogo, na ukisimama kwenye dirisha unaona mashamba ya mizabibu yakipanda mlimani mpaka mwisho wa macho. Alipima kwa hatua mahali pa kitanda. Akakaa chini kidogo, mgongo kwenye kipasha-joto, akasema nafunga macho dakika moja. Bi Bossert alimwamsha kwa mpini wa ufagio baada ya saa tatu. Desemba ilikuwa imeingia, vioo vya gari lake vilikuwa vikiganda kwa ndani, na alikuwa anakohoa. Miaka yote alikuwa ametaka vitu vya watu ili aondoke navyo. Hiki alikitaka ili akae. Alikitaka mpaka kikamuuma.

Kazi ya mwisho ilikuwa panya wa chini ya ardhi, kwenye vyumba vya kuwekea viazi. Enno alizunguka kuta zote, akajaza kila tundu nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akapiga saruji juu. Akamaliza Jumatano. Alhamisi Bi Bossert alivaa kofia yake nzuri akatoka asubuhi na mapema, akarudi anaimba.

Jumamosi akamwita Enno jikoni kwake. "Mimi naenda kununua mkate. Nifutie chini ya sinki, vitambaa viko kabati la kushoto."

Enno akafungua kabati la kushoto. Palikuwa na vitambaa. Nyuma ya vitambaa, karibu na bomba la maji ya moto, palikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyofungwa mdomoni kwa kipande cha soksi. Ndani mlikuwa na pumba, zabibu kavu, karanga zilizosagwa. Na nondo, ukoo mzima, wamenenepa.

Alikaa sakafuni. Wiki kumi! Madirisha ishirini na mawili! Mabafu matano! Yeye, Enno Tjarks, aliyewauzia watu sumaku wajifunike, ameingizwa mjini na bibi wa miaka sabini na minne!

Bi Bossert aliporudi alimkuta mezani, chupa mbele yake.

"Mama, hawa ni nani?"

"Hao?" Akaweka mkate. "Mifugo."

"Umenigeuza punda!"

"Punda angekula. Wewe ulinigharimu kahawa tu."

"Sawa. Nashuka chini sasa hivi. Namwambia Nurhan kwamba mwenye nyumba anafuga nondo juu ya kichwa cha mwanawe."

"Mwambie. Na mimi nitamwambia nyigu wako wametoka duka la vifaa vya ujenzi. Msasa, namba mia na ishirini. Ungechukua namba mia nne, ni laini, pengine ningesita."

Enno akaisukuma chupa kando. Lakini mjanja haanguki kwa kofi moja, akakokotoa haraka.

"Haya. Sisi wote wezi," akasema. "Ila mimi nina magurudumu. Leo niko hapa, kesho niko Ulm. Wewe utabaki humu na wapangaji wako, kila siku kwenye ngazi. Nani ataumia?"

Bi Bossert aliusogeza mkate kando. Kisha akavuta kiti, akakaa, akashusha pumzi. Ghafla akaonekana mzee.

"Umenishinda, mwanangu," akasema.

Akafungua droo, akatoa mkataba wa fleti ya juu. Kodi: ileile ya ajuza. Muda: usio na mwisho. Akatia saini hapohapo, akausukuma, na juu yake akaweka ufunguo.

Hapo ndipo mtu aliyezaliwa huku angepiga yowe akakimbia. Mtu wetu hatii saini bila kubisha! Mtu wetu hata jeneza lake mwenyewe ataliombea punguzo, na akipewa ataomba na misumari. Mwenye nyumba wa Stuttgart akikupa kodi unayoitaka bila kukuuliza hata una mbwa, jua kuna kitu kimeoza. Lakini Enno alikuwa mtu wa kaskazini. Kule watu husema neno moja na wanalimaanisha. Alidhani ameona woga. Akauchukua mkataba, akambusu bibi kwenye paji la uso, akapanda ngazi mbilimbili.

Mchana ule teksi ilisimama namba kumi na tisa, ikapakia masanduku manne. Bi Bossert alikuja kuniaga, anakwenda kwa dada yake kule ziwani. Akaninunulia gazeti. Akalilipia! Teksi iliondoka, mimi bado nimeshika ile sarafu nikiitazama pande zote mbili.

Enno aliishi wiki moja ambayo hatakaa aisahau. Alilala kitandani kwa urefu wake wote. Alijipikia dengu na tambi, akala akitazama mizabibu. Kikohozi kikaondoka. Siku ya Jumatano alisikia kitu kikikwaruza darini, akapanda, akakuta tundu moja lililobaki, akaliziba vizuri kabisa. Safari hii hakuna aliyemtuma. Ilikuwa nyumba yake.

Jumamosi iliyofuata mlango uligongwa. Mzee Rapp, koti la kijivu, daftari, na mtungo wa funguo ambao Enno hakuwahi kumwona nao.

"Habari za asubuhi. Samahani, wewe humu ni nani?"

"Mzee, umesahau? Mimi mpangaji." Akamwonyesha mkataba.

Mzee Rapp aliusoma wote, mpaka mstari wa mwisho, kisha akaurudisha kwa adabu.

"Umesainiwa Jumamosi. Mimi na Hedwig tulimaliza kwa wakili Alhamisi, nyumba imeandikwa jina langu. Huu ameusaini mtu asiye na nyumba. Unafaa kufungia mkate."

Enno aliusoma tena mkataba. "Wewe? Umenunua nyumba wewe?"

"Nimekaa ghorofa ya pili miaka arobaini na moja. Koti moja. Viazi." Mzee Rapp alisema bila majivuno. "Bei tulikubaliana Mei, nyumba ikiwa imejaa nondo, kwa hiyo ilikuwa bei nzuri. Nikamwambia Hedwig, lakini sitii saini mpaka utengeneze haya. Tazama." Akafungua daftari. Makabati. Madirisha. Mabafu. Kizingiti. Matundu ya chini. Kila mstari ulikuwa umekatwa kwa kalamu. "Yeye alikuwa aajiri mafundi watano. Kumbe alikupata wewe."

"Mzee, amekutapeli na wewe! Nondo alikuwa anawafuga! Nimewaona kwa macho yangu!"

"Baadaye alifuga, ndiyo. Wale wa mwanzo walitoka kwenye mtama wa ndege wangu." Mzee Rapp akafuta miwani. "Nilijua tangu Aprili. Sikuona haraka ya kumwambia."

Enno akaukunja mkataba, akautia mfukoni.

"Nitakwenda mahakamani," akasema, sauti ndogo.

"Nenda. Beba na vile vikadi, hakimu atapenda kuviona."

"Sasa wiki nzima mbona hukuja kunitoa?"

"Kulikuwa na panya mmoja darini. Nilitaka kuona kama utamziba." Mzee Rapp alichungulia juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi. Silikoni yako ya bafu la ghorofa ya nne, juzi nimesimama nikaitazama tu. Sasa fungasha. Miaka yote hii nimekuwa nikilingoja dirisha hili."

Enno akafungasha. Hakuwa na vingi. Alikunja shuka, akaenda dirishani mara moja, akarudi. Machozi yalimlenga, na sitaki kumcheka kwa hilo. Ukilala garini Desemba ukapata kitanda wiki moja, na wewe utalia.

Alipotoka nje na begi lake, Mzee Rapp alinyoosha kidole mlangoni. Palikuwa pamening'inizwa kile kibao cha mbao ambacho nyumba zetu zote zinacho, kinachotembea mlango kwa mlango: ukikikuta kwako, wiki hiyo kufagia ngazi ni zamu yako, na Jumamosi mchana isikukute hujamaliza.

"Kimefika hapa tangu Jumapili," Mzee Rapp akasema. "Uliishi humu wiki hii, au hukuishi?"

Hakuna aliyemshika. Angeweza kushuka, akawasha gari, akapotea. Alisimama pale, begi mkononi, akazitazama ngazi: vumbi la theluji, matope ya viatu, utando kwenye pembe ya ghorofa ya nne. Wiki kumi na moja alikuwa amezipigia magoti ngazi zile, na zikiwa chafu haziachwi hivihivi.

"Niliishi," akasema.

Akachukua ufagio. Akaanza ghorofa ya tano, ngazi moja baada ya nyingine, akinyanyua kila zulia la mlangoni, akishuka na begi lake ngazi tatu tatu. Wapangaji walifungua milango kumwona anapita. Chini kabisa Bi Nurhan alimbeba mwanawe ili ampishe.

"Na ile kona, kaka," akasema.

Akaifagia kona. Akaifagia na sebule ya mlangoni, akasukuma takataka zote mpaka kwenye kizingiti, akazitoa nje barabarani, naye akatoka nazo. Mlango ukajifunga nyuma yake.